Siku Mwalimu Kalisti Aliposema Hajui

Ijumaa, tarehe 12 Desemba 1958, kipande cha reli tunachokiita kengele kitakapogongwa kufunga mwaka wa shule hapa Busalala, Mwalimu Kalisti Mihayo atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane ya ualimu wa misheni. Kumi na sita kati ya hiyo ameitumia papa hapa kwetu, kando ya njia iendayo Samuye. Safari hii kengele hataigonga yeye. Tumekwisha kumwambia avae koti lake la Noeli, aketi mbele na wageni, na asimsahihishe mtu Kiswahili mpaka hotuba ziishe. Ameahidi kujaribu.

Walimu wenzangu wamenipa kalamu kwa sababu, wanasema, nina mdomo. Sikatai. Nimefundisha darasa la kwanza tangu mwaka 1946, na kati ya chumba changu na cha Mwalimu Kalisti upo ukuta wa udongo usiofika kwenye paa. Kila alichofundisha nimekisikia, hata vile nisivyovihitaji. Nadhani katika wilaya hii mimi ndiye mwalimu pekee wa watoto wadogo anayeweza kukutajia umbali wa mwezi huku akimfuta mtoto kamasi.

Mwalimu Kalisti ni Mzinza wa upande wa Geita, mtoto wa mfua majembe. Alianza kazi mwaka 1931 katika shule ya porini iliyokuwa na benchi moja, na benchi hilo, kama anavyopenda kusema, lilikuwa la mwalimu. Dhahabu ilipoanza kuvuta watu upande wa kwao, misheni ilimpeleka kwenye kambi ya wachimbaji akafungue shule ya jioni. Huko alikuta watu wa kila pembe ya nchi, Wakristo kwa Waislamu, wanaotoka shimoni wamekuwa rangi moja kwa vumbi, naye akawafundisha kusoma na kuhesabu katika chumba kimoja. Wapima ardhi wa mgodi walimwonyesha vyombo vyao, na hapo ndipo alipoupata ule ugonjwa wake wa kutaka kujua kila kitu. Wakubwa wa mgodi walitaka awe karani. Alikataa, akasema karani hana wa kumfundisha.

Alifika Busalala mwaka 1942 na mkewe Generosa, binti yao Paskalia akiwa bado mgongoni, na sanduku la vitabu lililovunja gurudumu la mkokoteni karibu na Tinde. Wazee waliosaidia kulibeba walijua ametoka kwenye dhahabu, wakafikiri ndiyo hiyo. Lilipofunguliwa wakaona karatasi tupu, walimpa pole.

Miaka yake ya kwanza hapa, hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema hajui. Ukimwuliza neno asilolijua alijibu kwamba tutalifikia kesho, kisha jioni ungemwona juu ya baiskeli akielekea Shinyanga kumsumbua padre, au mkuu wa stesheni, au tabibu wa dispensari, yeyote mwenye kitabu. Asubuhi jibu lilikuwapo, na mwalimu alikuwapo pia, macho mekundu na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitengeneza dunia kwa kibuyu kikubwa, akachora bahari kwa mkaa na nchi kwa chokaa, akakitoboa na kukipitisha kijiti katikati ili kizunguke. Mama Paskalia, ambaye ndiye mwenye kibuyu, hakushirikishwa. Siku moja alihitaji chombo cha kusukia maziwa, akakichukua, akaziba matundu kwa nta, na alipomaliza akakirudisha. Kwa majuma kadhaa darasa la nne walijifunza jiografia katika dunia iliyonukia samli, na inzi walitua zaidi upande wa Amerika.

Halafu kilikuwapo chombo cha kupimia mvua. Watu wa kilimo walikileta mwaka uleule nilioanza kazi: kopo refu la bati lililosimikwa uwanjani ndani ya uzio wa miiba. Kila asubuhi Mwalimu Kalisti aliingia humo, akainama, akachungulia ndani na kuandika. Alifanya hivyo kabla ya sala ya asubuhi, kwa hiyo alifika kwenye sala amechelewa kidogo, kalamu sikioni.

Jirani yetu Mbuke, mjane ambaye mwanawe Makoye alikuwa mwanafunzi wetu, alimtazama mwalimu akiinama hivyo siku nyingi. Akaona si ajabu. Alikwisha kuwaona waganga wa mvua na vyungu vyao tangu utoto, na kila mtu anajua chungu cha mvua hakiachwi kikavu. Basi mwezi wa nane, wakati ardhi imepasuka na hata fisi wanatafuta kivuli, alimwonea huruma mwalimu mgeni asiyejua kutunza dawa yake. Akaenda na kata ya maji akalijaza lile kopo, akarudi nyumbani na moyo mweupe. Asubuhi Mwalimu Kalisti alisimama pale, vumbi likimfika vifundoni, mbingu nyeupe kama sahani, akasoma karibu inchi tatu za mvua. Akaziandika. Akazipeleka Shinyanga. Bwana wa kilimo alikuja na gari lake kutazama mahali palipopata mvua mwezi wa nane, akakuta sisi na vumbi letu na Mbuke anayesubiri kushukuriwa. Tulicheka mpaka Noeli. Mwalimu naye alicheka, ila alichelewa kuanza.

Nayasimulia haya ili msomaji aelewe yaliyofuata, maana mtu huyu tunayemuaga si yule aliyekuja na sanduku.

Mwezi wa tano mwaka 1947 gazeti lilisema kwamba jua litapatwa. Mwalimu Kalisti alichukua kibuyu, limau na taa ya chemli, akawaonyesha watoto jinsi mwezi unavyopita mbele ya jua, akawatuma wakawaambie wazazi wao siku yenyewe wasiogope. Wazazi walicheka. Siku ikafika, na jioni, jua likielekea kuzama, likaanza kumegwa kutoka pembeni mpaka likabaki jembamba kama mundu. Kuku walipanda kulala. Watu walipiga masufuria na vinu. Wengine walikuja mbio shuleni, wakamkuta mwalimu amekaa kwenye kiti uwanjani, miguu ameipandanisha, kama mtu aliyealikwa.

Tangu hapo hatukuwa na amani. Mtu anayejua siku ya jua kufa, atakosa kujua ng'ombe wangu aliyepotea yuko wapi? Walikuja wenye ng'ombe waliopotea, wenye wake waliokimbia, wenye kesi kwa mtemi. Mchimbaji mmoja, Donatus, alitoka huko Geita kwa baiskeli na gunia la mawe, akayapanga mbele ya darasa ili mwalimu ayatazame tu na kusema lipi lina mali. Mwalimu aliyatazama kweli, akachagua matatu, akamwambia hayo yatafaa kwa mafiga. Kila mmoja aliambiwa kwamba mwalimu si mfumu, yaani si mpiga ramli. Lakini lazima niseme nilichokiona juu ya ule ukuta: alikuwa akikana huku anatabasamu. Watoto wapya walimiminika mpaka tukawafundishia nje. Jina la Busalala lilijulikana hadi Didia. Hata sisi walimu wengine tulitembea vifua mbele sokoni kana kwamba na sisi tulihusika na lile jua.

Ndipo ulipokuja ule mwaka wa njaa, ambao hakuna mtu mzima wa huku asiyeukumbuka. Mvua za kwanza za mwisho wa mwaka 1948 zilidanganya. Watu walipanda, mimea ikachipua, jua likaichoma yote. Kufika mwezi wa kwanza, katika vilindo, yaani maghala, vya nyumba nyingi hapakuwa na nafaka ila mbegu ya mwisho, uwele na mtama, vikapu viwili hapa, kimoja pale. Chakula kilikuwa michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na majani ya porini.

Jumapili moja, tulipomaliza ibada, tulikuta uwanja wa shule umejaa. Mabula, ng'wanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa amekaa mbele na wazee, na kando yake kafungwa kondoo mweusi. Kondoo mweusi si zawadi ya mwalimu. Huku kwetu ni mnyama wa kuombea mvua.

Mabula alisalimia kwa taratibu zote, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka. "Mwalimu, jua lilipokufa ulitupa habari mapema. Hatukuja kukujaribu. Tuna mbegu za mwisho. Tukizipanda na mvua isije, watoto wanakufa mwaka huu. Tukizila na mvua ije, wanakufa mwakani. Tuambie siku."

Nataka msomaji aone hatari iliyokuwapo. Mwalimu Kalisti alikuwa na jibu mdomoni. Alinieleza baadaye. Alikuwa amesoma vitabu vya mvua za miaka ya nyuma, na kwa hesabu zake mvua ilikuwa karibu, pengine juma lile lile. Angesema "pandeni," uwanja mzima ungeondoka mbio kupanda kila punje. Na asiposema, basi lile jina lote, ule umati wa watoto, shule yenyewe, vingekwenda na maji ambayo hata hayakuwapo. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga.

Mbuke ndiye aliyemwuliza. "Chombo chako kinasemaje, baba?"

Mwalimu alikwenda kwenye uzio, akaling'oa lile kopo, akaja nalo katikati ya watu na kulipindua. Alianguka mende mmoja mkavu. "Mayu," alimwambia, kwa heshima kama anavyoitwa mama kwa Kisukuma, "chombo hiki kinajua mvua iliyokwisha kunyesha. Inayokuja hakijui. Na mimi sijui."

Kwanza watu walicheka, wakidhani anajivunga kama waganga wanavyojivunga ili dau lipande. Akarudia kwamba hajui. Kicheko kikafa. Mabula akauliza kama yule Mungu wake naye hajui. Mwalimu akajibu kwamba anajua. "Basi mwulize." Mwalimu akasema amemwuliza kila siku tangu mimea ilipokauka, na hakuambiwa siku.

Hapo Mabula aliuliza swali ambalo mimi, niliyebatizwa nikiwa mtoto mchanga, sikuwahi kulisikia likiulizwa waziwazi hivyo. "Sasa kumjua kunakufaa nini?"

Mwalimu Kalisti alikaa chini, mavumbini, na suruali yake ya Jumapili. "Mtoto hajui mama atapika nini jioni," alisema, "wala hajui atapika saa ngapi. Lakini anamjua mama. Kwa hiyo mchana hamnyang'anyi mdogo wake kiazi. Mimi ya mvua siyajui, wazee wangu. Huyu namjua. Hatupi watoto wake. Basi mimi sitakula peke yangu, wala sitapanda peke yangu."

Akaingia nyumbani. Alitoka na mbegu yake yote na gunia lake la michembe, Mama Paskalia nyuma yake amebeba kikapu cha mwisho na uso wa mtu ambaye, safari hii, ameshirikishwa. Wakatandika ngozi ya ng'ombe, wakamwaga. Mwalimu akasema atakayetaka aje aweke chake pamoja na hiki. Nusu ya mbegu itapandwa mvua ya kwanza itakapogusa ardhi. Nusu itakaa kanisani bila jina la mtu. Michembe italiwa chungu kimoja, hapo shuleni, mpaka iishe.

Mabula alisimama, akafungua kondoo wake, akaondoka. Uwanja karibu wote ulimfuata. Sitasahau sauti ya zile nyayo. Waliobaki walikuwa Wakristo wachache, na si wote. Wa kwanza kumwaga kikapu chake kwenye ile ngozi alikuwa Mbuke, asiyekuwa Mkristo wala hata mwanafunzi wa dini. Alimwaga huku anafoka. "Afadhali huyu anayesema hajui," alisema. "Wanaojua wamenimalizia mbuzi."

Majuma yaliyofuata yalikuwa machungu. Wazazi waliwaondoa watoto. Mwalimu aliyekuwa akifundisha nje kwa kukosa nafasi, sasa alifundisha benchi mbili. Njiani walimwita Mwalimu Sijui, na watoto wadogo walilitungia wimbo. Watu wengine wanashushwa na adui. Yeye alijishusha mwenyewe, mchana kweupe, kwa neno moja, na sikumwona hata siku moja akilijutia. Nilimwona amekonda, hilo ndiyo. Sote tulikonda.

Mwezi wa pili manyunyu yalikuja. Kila mtu alipanda. Mabula na watu wake walipanda mbegu yote, sisi tulipanda nusu. Kwa siku chache mashamba yalikuwa mabichi na tuliimba. Halafu jua likatoka na halikuondoka, na yote yakaungua, yao na yetu, bila kubagua waliobatizwa.

Katika siku hizo tulimzika Mageni, mtoto wa darasa langu, msichana aliyekuwa akiandika herufi zote zikiwa zimelalia upande mmoja kama zinapigwa na upepo. Nilitaka Mwalimu Kalisti aniambie kitu. Yeye ndiye msomaji wetu, yeye ndiye aliyeongoza sala. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu Scolastika, sijui," na akaendelea kuchimba, maana wanaume wenye nguvu walikuwa wachache. Nilimkasirikia. Sasa nadhani kwamba jibu lolote jingine siku ile ningelichukia maisha yangu yote. Tulimwimbia yule mtoto, sauti ya mwalimu haikutetemeka, na mimi niliegemea sauti hiyo.

Mvua yenyewe, ile isiyodanganya, ilikuja mwezi wa tatu. Ilianza alasiri, ikanyesha mpaka kopo la mwalimu likafurika, na safari hii hakuna aliyelisaidia. Kesho yake alfajiri tulifungua kanisa na ile nusu ilikuwapo, kavu, haijaguswa hata na panya.

Mabula alikuja bila kondoo. Alikaa nje ya kanisa, hakubisha hodi. Nyuma yake walikaa watu wake, wametazama chini, maana mwenye shamba lenye maji na asiye na mbegu hana la kusema. Ndani kulikuwa na maneno. Baadhi yetu, na sitawataja kwa kuwa watakuwapo kwenye sherehe, walisema waliotucheka wakale vicheko vyao. Mwalimu Kalisti hakubishana nao. Alichukua bakuli la kupimia, akatoka nje, akamwamkia Mabula shikamoo kama ilivyo desturi kwa mkubwa, akampimia kwa bakuli lile lile alilopimiwa Mbuke, na lile lile alilojipimia mwenyewe. Alianza na Mabula ili wengine wasione haya. Mbegu ilikuwa kidogo ilipogawanywa hivyo. Mavuno yake mwezi wa sita hayakujaza vilindo. Lakini tulikula, na tulipata mbegu nyingine, na hapajazikwa tena mtoto wa shule hii kwa njaa.

Ningeweza kusema wote walirudi. Hawakurudi wote. Familia kadhaa zilikwisha kuhama na ng'ombe wao kuelekea Geita na hatujazisikia. Majina yao yanasomwa katika sala yetu ya Jumamosi hadi leo. Lakini Mabula aliwaleta wanawe shuleni yeye mwenyewe, amewashika mikono. Hajabatizwa. Anasema bado anafikiri. Mwalimu anamwambia hakuna haraka, mradi afikiri akiwa karibu.

Asije mtu akadhani Mwalimu Kalisti alivichoma vitabu baada ya hapo. Kwanza Mama Paskalia asingeruhusu moto mkubwa kiasi hicho. Aliendelea kufundisha nyota, hesabu na mzunguko wa damu kwa bidii ile ile, na bado anapanda baiskeli kwenda kutafuta majibu. Ila mpango wa asubuhi ulibadilika. Zamani alianzia kwenye kopo, akaja kwenye sala amechelewa. Tangu mwaka ule sala ndiyo ya kwanza, kopo linasubiri. Nilipomwuliza, alisema kujua mambo ya Mungu ni kama kujua saa iliyo ukutani kwa mtu. Unaweza kuisoma vizuri ukiwa umesimama dirishani, na mwenye nyumba usimjue. Sijui kama padre angeridhika na maelezo hayo. Mimi yamenitosha.

Jambo jingine alilolianzisha limekuwa sheria ya shule hii. Mtoto wa Busalala hapigwi kwa kusema hajui. Anasimama wima, anasema, "Sijui, mwalimu," kisha anasema atamwuliza nani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa tumekwenda mbele kidogo, kukiri ni heshima. Mkaguzi mmoja alipokuja aliuliza darasa la nne swali gumu, na mtoto mmoja akamjibu hivyo bila kutetemeka. Mkaguzi akatuambia kwamba swali lile lilimtatiza hata yeye. Mwaka huo tulipewa sifa.

Mwaka 1950 Mwalimu Kalisti alifanywa mwalimu mkuu. Chini yake tumepata kisima, sakafu ya saruji na madarasa mawili ya tofali za kuchoma. Wanafunzi wake wako Tabora, wako reli, wako migodini. Makoye mwana wa Mbuke ni mwalimu huko Didia. Paskalia anajifunza uuguzi. Na Mbuke mwenyewe alibatizwa Pasaka ya mwaka 1953 akaitwa Esta. Katika mtihani wa dini padre alimwuliza maswali mengi, na mengi aliyajibu kama tunavyojibu hapa shuleni. Padre alipochoka akamwuliza, basi, mama, unajua nini? Akasema, "Namjua aliyetulisha chungu kimoja." Akabatizwa.

Mwezi uliopita wazazi walikaa kuzungumzia zawadi ya kumuaga mwalimu. Wengine walitaka kiti chenye mto, wengine mwavuli, wengine ng'ombe. Ng'ombe yupo, ametolewa na Mabula, na si mweusi. Lakini Esta Mbuke alikuja na kikapu cha uwele. Ni uzao wa ile mbegu ya kanisani, ameupanda na kuuvuna na kuuchagua kila mwaka tangu siku zile, hajauchanganya na mwingine. Alikiweka kikapu mbele yetu, akasema maneno machache, akaenda zake kupika. Kikapu hicho ndicho kitakachotangulia siku ya sherehe, na maneno yake tutamwachia Mwalimu yawe ya mwisho.

Mwalimu Kalisti, Baba Paskalia, tunakushukuru kwa nyota na kwa kibuyu, kwa baiskeli za usiku na kwa ukuta usiofika juu. Tunamshukuru Mama Generosa, aliyemwaga kikapu chake cha mwisho bila kuuliza. Unarudi Uzinza kulima, nasi tungependa kukuahidi kwamba mvua za kwenu zitakuwa nzuri, kwamba magoti hayatakuuma, kwamba miaka iliyobaki ni mingi. Hatujui, Mwalimu. Ulitufundisha kulisema hilo tukiwa tumesimama wima. Anayejua tunamjua, na tumekukabidhi kwake. Kaa salama na jirani zako, ukumbuke njia ya Samuye, na kikapu hiki ufanye nacho kama alivyosema Esta Mbuke: nusu ule na wageni watakaokuja, nusu upande.

Scolastika Masele
Mwalimu wa darasa la kwanza, Busalala